Kujenga OpenSSL kutoka Kwenye Msimbo Chanzo: Amri Chache, Dhamana Ndefu

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wahadhiri, wasimamizi wenzangu wa mifumo, nanyi wanafunzi mlioketi huko nyuma na kompyuta mapajani, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga na kusakinisha maktaba ya usimbaji fiche kutoka kwenye msimbo chanzo wake, yaani kuyageuza maandishi ya waandishi wake kuwa programu inayoendeshwa, nami nimechagua OpenSSL kwa sababu ndiyo ambayo wengi wetu tunaitegemea kila siku, hata wale ambao hawajawahi kuandika jina lake kwenye terminali. Maktaba hii ilianza Desemba 1998, ikirithi kazi ya Eric Young na Tim Hudson iliyoitwa SSLeay, na leo seva za wavuti, lugha za programu na mifumo ya malipo huiachia kazi ya kuficha data na kuthibitisha nani anazungumza na nani. Amri za kuijenga ni chache, na mtu mwenye subira atazifuata mpaka mwisho bila msaada wa yeyote. Kwa hiyo sitakaa sana kwenye amri. Ninalotaka tulitazame ni kwamba siku unapoijenga mwenyewe, unapokea dhamana ambayo mpaka jana ilibebwa na watu wanaokutengenezea mfumo endeshi, na dhamana hiyo inaendelea kuwa yako kwa muda wote ambao maktaba hiyo itakuwa inatumika kwenye mashine yako.

Kabla ya kupakua chochote, mtu ajiulize kama kweli anahitaji kujenga. Mara nyingi hahitaji. Kama seva yake inaendeshwa kwa Debian, Ubuntu au mojawapo ya mifumo ya ukoo wa Red Hat, na mfumo huo bado umo ndani ya muda wake wa huduma, basi kifurushi kilichokuja nao kinatosha, na kinatunzwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Hata hivyo, sababu halali zipo. Chukueni mfano wa CentOS 7, ambayo muda wake wa huduma ulikwisha tarehe 30 Juni 2024, na ambayo sitashangaa nikisikia kwamba baadhi yenu bado mnayo ofisini. Mfumo huo ulikuja na OpenSSL 1.0.2k, ilhali lugha ya programu ya Python, kuanzia toleo la 3.10, inadai OpenSSL 1.1.1 au ya baadaye. Msimamizi anajenga Python mpya, ujenzi unakwisha kana kwamba mambo ni shwari, ila katikati ya mamia ya mistari iliyopita kwenye skrini ulikuwamo mmoja uliosema kwamba moduli ya ssl haikuweza kujengwa. Hakuuona. Baadaye anaandika `pip install`, na pip, kifaa cha kusakinisha nyongeza za Python, inamjibu kwamba inahitaji TLS, yaani itifaki ya mawasiliano salama, lakini moduli ya ssl haipo. Wengi wanaofika kwenye msimbo chanzo wa OpenSSL wanaletwa na ujumbe huo, wala hawaletwi na mapenzi ya kriptografia.

Sababu nyingine huja zenyewe. Yupo anayejenga programu kwa ajili ya kifaa kidogo ambacho kichakato chake si kile cha kompyuta anayoitumia kujengea. Yupo anayetaka toleo la 3.5, lililotoka Aprili 2025, kwa kuwa limeleta ML-KEM, ML-DSA na SLH-DSA, yaani mbinu zilizosanifiwa zihimili kompyuta za kwanta za siku zijazo. Na yupo ambaye mteja wake anadai moduli yenye cheti cha FIPS, viwango vya serikali ya Marekani; huyu namwonya mapema kwamba cheti hicho hutolewa kwa toleo mahususi la moduli, kwa hiyo akijenga moduli kutoka toleo jipya zaidi kwa kudhani kwamba jipya ndilo bora, atajikuta nje ya cheti alichokuwa anakitafuta.

Tuseme sababu ipo. Hatua inayofuata ni kupata msimbo, na hapa ndipo ninapoomba subira yenu, maana wengi huipita hatua hii mbio. Kwenye tovuti ya mradi, kando ya kila kifurushi kuna mafaili mengine madogo: moja lina heshi ya SHA-256, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye kifurushi chenyewe, na jingine lina sahihi ya kidijitali ya PGP. Kulinganisha heshi kunakuhakikishia kwamba kifurushi hakikuharibika njiani, jambo lenye thamani yake kwa sisi ambao upakuaji wetu hukatika mara kwa mara. Lakini heshi iliyowekwa mahali palepale pa kifurushi haikulindi dhidi ya mtu aliyeiteka tovuti yenyewe, kwa kuwa anayeweza kubadilisha kifurushi anaweza kubadilisha na heshi. Kinachokulinda ni sahihi, na sahihi nayo inakulinda tu ikiwa alama ya kidole (utambulisho mfupi) ya ufunguo wa watia sahihi umeipata kwa njia nyingine, kwa mfano kwa mwenzako aliyeihifadhi tangu zamani. Anayepeleka kifurushi kwa flashi kwenye seva isiyo na intaneti, kama zilivyo nyingi zenye taarifa nyeti, athibitishe sahihi kabla ya kunakili, kisha alinganishe heshi tena akiwa kwenye seva yenyewe.

Je, sahihi inatosha? Mkasa wa xz wa mwaka 2024 unatulazimu tujibu kwa uangalifu. Tarehe 29 Machi mwaka huo, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu hiyo ya kubana mafaili yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri, alioufikia kwa kufuatilia kwa nini kuingia kwenye mashine kwa mbali kupitia SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Vifurushi vile vilitolewa na mtunzaji aliyekuwa na mamlaka ya kuvitoa. Tena, faili lililouwasha mtego, build-to-host.m4, lilikuwa ndani ya vifurushi vya kupakua lakini halikuwamo kwenye hazina ya git ambako watu husoma msimbo. Kwa maneno mengine, uovu ulijificha katika hatua ileile tunayoizungumza leo, hatua ya kujenga. Kwa hiyo mwenye kazi nyeti na alinganishe kifurushi na hazina. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa taasisi inayoshika fedha za watu au rekodi za wagonjwa naiona kuwa kazi ya lazima.

Sasa tuingie kwenye ujenzi. Unahitaji Perl 5, kompaila ya C (kigeuzi cha msimbo kuwa programu) na `make`. Ndani ya folda uliyoifungua unaendesha `./Configure`, na amri hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kitakachokufurahisha au kukuliza baadaye. Usipoipa maelekezo, itapanga kusakinisha chini ya `/usr/local` na kuweka mipangilio kwenye `/usr/local/ssl`. Ushauri wangu ni kuipa maktaba makazi yake yenyewe, yenye namba ya toleo katika jina, namna hii:

`./Configure --prefix=/opt/openssl-3.5 --openssldir=/opt/openssl-3.5/ssl '-Wl,-rpath,$(LIBRPATH)'`

Maelekezo ya kwanza yanataja mahali pa programu na maktaba. Ya pili yanataja mahali pa mipangilio na vyeti. Ya tatu yanaandika ndani ya programu zenyewe njia ya kuzifikia maktaba zao, na umuhimu wake tutauona punde. Yako machaguo mengine kadhaa ya kuzima na kuwasha sehemu za maktaba. Kuzima usichokihitaji ni jambo jema, ila msinakili orodha ndefu za machaguo kutoka kwa watu msiojua walikuwa wanajenga kwa ajili ya nini. Nimekuta seva iliyojengwa kwa `no-asm`, chaguo linaloondoa msimbo ulioandikwa kwa lugha ya asembli, na pamoja nao uwezo wa kutumia maelekezo ya AES, mbinu ya usimbaji, yaliyomo ndani ya kichakato chenyewe. Mwenye seva alikuwa analalamikia uzito wa mtandao wake, na mtandao haukuwa na kosa lolote. Aliyejenga na alinganishe kasi ya `openssl speed -evp aes-256-gcm` ya maktaba ya mfumo na ile ya maktaba yake, ajionee tofauti.

Baada ya hapo ni `make`, na unaweza kwenda kunywa chai. Kisha `make test`. Hatua hii isirukwe kamwe, maana maktaba ya usimbaji iliyojengwa vibaya inaweza kufanya kazi kwa muonekano wote na bado ikawa imekosea mahali ambapo hakuna mtu atakayepaona kwa macho. Maelekezo ya mradi yanasisitiza kwamba majaribio hayo yaendeshwe na mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mashine, na mkiona `Result: PASS` mwishoni ndipo mwende kwenye `make install`. Asiyehitaji kurasa za maelezo anaweza kutumia `make install_sw install_ssldirs`.

Sasa nirudi kwenye ile njia ya kuzifikia maktaba. Aliyesahau maelekezo ya rpath anaandika `/opt/openssl-3.5/bin/openssl version` na kujibiwa kwamba `libssl.so.3` haikupatikana, au, jambo baya zaidi, programu inachukua bila kelele maktaba ya zamani ya mfumo. Hapo mtu anayekimbizwa na kazi huongeza folda yake mpya, ambayo kwenye Linux ya biti 64 mara nyingi huitwa `lib64`, ndani ya `/etc/ld.so.conf.d`, anaendesha `ldconfig`, na tatizo linaonekana kwisha. Kumbe ameifanya maktaba yake kuwa maktaba ya mashine nzima. Matoleo yote ya 3 hutumia majina yaleyale, `libssl.so.3` na `libcrypto.so.3`, kwa hiyo sshd (inayopokea wanaoingia kwa SSH), curl (ya kupakua) na programu nyingine zilizojengwa na watunza mfumo zikianza upya zinaweza kuichukua hiyo ya kwake, iliyojengwa kwa machaguo mengine na pengine isiyo na marekebisho waliyoyaongeza wao.

Katika hizo, sshd ndiyo inayonitia hofu. OpenSSH, mradi unaotoa sshd, hukagua kama OpenSSL iliyoipata inaendana na ile iliyojengewa, na isiporidhika hutoa ujumbe wa kutolingana kwa matoleo na kukataa kuanza. Kwa mtu aliyeko Dar es Salaam na seva yake iko kwenye kituo cha data nchi nyingine, ujumbe huo una maana kwamba mlango wake wa kuingilia umefungwa, na ufunguo umebaki ndani. Walio kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat hukutana na dada yake ujumbe huu, unaosema kwamba sehemu fulani ya `libcrypto` haikupatikana, na siku hiyo wanaweza kukuta kwamba hata `yum`, kisakinishi cha vifurushi, ambayo wangeitumia kurekebisha mambo haiendeshwi tena. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: msifute maktaba ya mfumo, msiibadilishe, msiweke kiungo cha jina lake kinachoelekeza kwenye yenu. Programu inayohitaji maktaba mpya ielekezwe yenyewe peke yake. Kwa Python, kwa mfano, wakati wa kuijenga mnaiambia `--with-openssl=/opt/openssl-3.5` pamoja na `--with-openssl-rpath=auto` (OpenSSL yenyewe ikiwa imejengwa kwa `--libdir=lib`, maana Python huitafuta kwenye `lib`), na programu nyingine zote kwenye seva zinaendelea na maisha yao kama kawaida. Mkimaliza, `ldd` itawaonyesha kila programu inachukua maktaba ipi, na anayeamini bila kutazama amejitafutia usiku mrefu.

Liko jambo jingine linalowasumbua waliofanya yote sawasawa. Maktaba imejengwa, majaribio yamepita, rpath imewekwa, lakini kila muunganisho wa HTTPS unakataliwa kwa maelezo kwamba cheti cha mtoaji hakikupatikana. Sababu ni rahisi. OpenSSL haiji na vyeti vya mamlaka zinazoaminika. Mradi huu hauchagui kwa niaba yenu nani wa kumwamini. Folda ya `certs` iliyo chini ya openssldir yenu ni tupu. Mifumo endeshi huvileta vyeti hivyo kwa kifurushi chake na kuviweka, kwa Debian na Ubuntu, kwenye `/etc/ssl/certs`. Andikeni `openssl version -d` mjue maktaba yenu inatazama wapi, kisha mwelekeze folda hiyo kwenye vyeti vya mfumo, ili vikisasishwa vyote visasishwe kwa pamoja. Nimeona watu wakilitatua tatizo hili kwa kuzima ukaguzi wa vyeti ndani ya programu zao. Mtu wa namna hiyo amejenga maktaba nzima ya usimbaji ili mwisho wa yote azungumze kwa siri na mtu asiyemjua.

Wanafunzi, nina neno lenu hapa. Mnapojenga mtaona maonyo ya kompaila au ya vifaa vya kukagua kumbukumbu, na kwa kuwa mmefundishwa vizuri mtatamani kuyanyamazisha. Mwaka 2006 mtunza kifurushi wa Debian alifanya hivyo. Kifaa cha ukaguzi kilikuwa kinalalamikia matumizi ya kumbukumbu isiyojazwa, naye, baada ya kuuliza na kupata majibu aliyoyaelewa kuwa ruhusa, akaondoa mistari miwili inayolalamikiwa. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa unaingiza unasibu katika uzalishaji wa namba nasibu. Kuanzia toleo la Debian 0.9.8c-1 la Septemba 2006 hadi tangazo la tarehe 13 Mei 2008, baada ya Luciano Bello kugundua kasoro hiyo, kilichobaki kuwa chanzo cha unasibu kilikuwa namba ya mchakato, yaani namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo ukomo wake ulikuwa 32,768. Funguo za SSH, vyeti vya seva, kila ufunguo uliozalishwa kwa maktaba hiyo kwenye Debian na Ubuntu katika muda huo kingeweza kukisiwa na mtu mwenye orodha na mchana mmoja wa kazi. Tena maktaba ilifanya kazi bila kasoro ya kuonekana kwa karibu miaka miwili. Kwa hiyo mkiona onyo, liandikeni, lipelekeni kwa wenye mradi, na msimbo wa kriptografia msiuguse kwa ajili ya kupendezesha skrini.

Nimeacha suala la viraka, yaani marekebisho ya kasoro za usalama, mpaka sasa kwa sababu ndilo zito. Tarehe 7 Aprili 2014 dunia iliambiwa kuhusu Heartbleed, kasoro iliyokuwamo tangu toleo la 1.0.1 la Machi 2012 hadi 1.0.1f, ambayo ilimruhusu mtu wa nje kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, na kurudia kadiri apendavyo, huku ndani ya kumbukumbu hiyo zikiwamo nywila na hata funguo za siri. Waliotumia vifurushi vya mfumo walisasisha kwa amri moja. Tena wengi wao namba ya toleo haikubadilika: Debian ilirekebisha ndani ya 1.0.1e yake, ikaongeza tu alama ya deb7u5 mwishoni, kwa hiyo anayesoma namba peke yake hawezi kujua kama yuko salama. Waliojenga wenyewe walikuwa na uwezo mmoja wa ziada, kwa kuwa tangazo la mradi liliwaambia kwamba asiyeweza kuhamia 1.0.1g mara moja ajenge upya kwa `-DOPENSSL_NO_HEARTBEATS`. Uwezo huo ulikuwa na maana kwa yule tu aliyekumbuka kwamba alijenga, na alipojengea.

Hapo ndipo ofisi nyingi zinaponaswa. Kijana aliyejenga amehamia kazi nyingine, hakuna aliyeandika popote, na kila wiki kompyuta inasema kwamba vifurushi vyote vimesasishwa, kauli ambayo ni ya kweli kabisa kwa sababu maktaba iliyoko `/opt` si kifurushi. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa ilijengwa kwa `no-shared` na kuingizwa ndani ya programu nyingine, kwa maana hapo hata kuitafuta kwa jina la faili hakusaidii, na kuirekebisha kunadai programu hiyo nayo ijengwe upya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania, kama ile ya Kenya ya 2019, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kusema kwamba fundi aliyejenga maktaba amekwisha kuondoka hakutamsaidia mtu mbele ya sheria.

Kwa hiyo kila mnapojenga, andikeni toleo, tarehe, amri nzima ya Configure, programu zinazoitegemea, na jina la mwenye dhamana, mahali ambapo mrithi wenu atapaona. Amri mkiisahau, `perl configdata.pm --dump` ndani ya folda ya ujenzi itawakumbusha, na hii ni sababu tosha ya kutoifuta folda hiyo. Jiandikisheni kupokea matangazo ya usalama ya mradi. Kiraka kikitoka, jengeni kwenye folda mpya kando ya ile ya zamani, jaribuni, kisha hamisheni programu moja baada ya nyingine.

Na tazameni tarehe. Toleo la 1.1.1, ambalo wengi walilijenga kwa ajili ya Python niliyoitaja, lilifikia mwisho wa huduma ya wazi tarehe 11 Septemba 2023. Aliye nalo leo hapati kiraka isipokuwa akinunue. Toleo la 3.0, lililotoka Septemba 2021, limepangiwa kikomo cha tarehe 7 Septemba 2026. La 3.5 linahudumiwa hadi Aprili 2030. Anayejenga kwa ajili ya kazi ya kudumu aanze na hilo la 3.5, na mwenye 3.0 aliyoijenga mwenyewe aanze kwa `ldd`, apate orodha ya programu zake, ajue ipi itahitaji kujengwa upya na ipi itahama kwa kubadilishiwa njia tu. Kipindi kinachofuata tutafanya zoezi hilo pamoja kwenye mashine za mafunzo zilizoandaliwa, na kila kikundi kitakuta seva yenye OpenSSL ambayo hakuna aliyeandika inakaa wapi.